Vuli Ni Msimu wa Kitalu: Anayesuka Naye Apande

Vuli ikikaribia, mazungumzo ya wasukaji huku kwetu Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, hugeuka kuwa ya soko. Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida huja Novemba, wageni hujaa mjini, na kila mwenye mkeka, kikapu au kawa ya kufunikia chakula huharakisha kumaliza apate cha kupeleka. Jambo jema hilo, nami huuza. Lakini katika mafunzo yote tunayoletewa, ya kupiga bidhaa picha, ya kutia zipu na mikanda ya ngozi, ya kupanga bei, sijasikia hata somo moja linalouliza chane, yaani vipande vya makuti tunavyosukia, zitatoka wapi miaka kumi ijayo. Rai yangu ni kwamba anayesuka ukili, ule mkanda wa chane unaoshonwa kuwa mkeka au kikapu, hana budi awe na bustani, na wakati wa kuianza ni vuli hii.

Tukumbushane kwanza tunakata nini. Miyaa ni makuti ya mkoma, ukindu ni makuti ya mkindu, na kwa miti yote miwili tunachotaka ni kuti changa la katikati, lile ambalo bado limejifunga. Ndilo laini, na ndilo linalotoka jeupe likianikwa. Lakini kuti hilo hilo ndilo mti unalotegemea kesho kupatia chakula chake juani. Ukikata moja ukaacha linalofuata lifunguke, mkindu hauoni taabu, kwa sababu huota kwa kichaka na huchipua pembeni. Ukikata kila linalochomoza, shina hudhoofika. Wanaokata kwa kusuka wenyewe huwa wanabakisha. Anayekatia kuuza kwa tita, asiyeijua kesho yake ya mti ule, hana sababu ya kubakisha. Tena mkindu hupenda mahali penye unyevu, na hapo ndipo kila mtu anapopataka kwa kulima au kujenga.

Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, tulifurahi. Kikapu kilirudi sokoni. Ila kikapu kikitakiwa zaidi, makuti hukatwa zaidi, na hakuna aliyepanda mkindu mmoja kwa ajili ya furaha ile. Mimi naliona hilo kuwa deni, na wenye kulilipa ni sisi wenye vidole vya kusukia, kabla ya serikali au mfadhili yeyote.

Sasa kwa nini vuli? Mzee mmoja jirani yangu aliponiona natayarisha kitalu aliniambia, "Mwanangu, miti ni ya masika." Ana haki. Mvua kubwa ya Lamu huanza Aprili na kilele chake ni Mei. Mche ukipandwa shambani Novemba, mizizi haijashika vizuri ndipo inapoingia kaskazi, na Januari hadi Machi jua huwa halina huruma. Ndiyo sababu nasema kitalu, sisemi shamba. Mbegu ya mkindu haina haraka. Huenda ikakaa miezi miwili au mitatu kabla haijachomoza. Ukiisia Oktoba au Novemba, utailea chini ya kivuli kwa ndoo na kopo kaskazi nzima, na masika yakifika una mche wa kutia ardhini. Ukingoja masika ndipo usie, mvua ya Mei itakuwa imekupita bado una mbegu.

Halafu vuli yenyewe si ya kuikabidhi shamba zima. Wazee waliihesabu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na hata hesabu ile haikuizuia mvua kukosa. Leo tunajua sababu moja kubwa: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Yakipoa, mawingu hupita tu. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua haikutosha katika sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa nchi. Mkulima wa mahindi hawezi kuishi kwa kubahatisha hivyo. Kitalu kinaweza, kwa kuwa pipa moja la maji ya mvua kutoka paani hukifikisha mbali. Nasisitiza ya mvua. Maji matamu ya kisiwa hiki yanategemea vilima vya mchanga vya Shela, na kisima chenye chumvichumvi kitaua mche mchanga polepole huku ukidhani umepungukiwa na mbolea.

Kwa msukaji, vuli ina jingine. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika, upepo wa matlai ni mwepesi, na hewa ina unyevu. Chane hulainika mkononi, hazikatiki kama zinavyokatika Februari. Shida ni kuanika, maana ukindu ukinyeshewa kabla haujakauka hufanya madoa ya ukungu yasiyotoka. Kwa hiyo siku hujigawa yenyewe: asubuhi jua likiwa kali natandaza makuti nyuma ya nyumba, wingu likijikusanya nayaingiza, na ile saa ya manyunyu ndiyo ya kuketi barazani kusuka. Magharibi ikikaribia natazama kitalu. Mwenye kazi moja tu kati ya hizi hupoteza nusu ya siku ya vuli akitazama mbingu.

Na mabaki ya kazi moja ndiyo chakula cha nyingine. Hili ndilo lililonivutia zaidi tangu nianze kulima. Wanaosokota kamba huzika makumbi ya nazi kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha huyaponda wakatoa nyuzi. Kinachobaki ni vumbi la kahawia ambalo wengi hulitupa. Vumbi hilo hushika maji, na mchanga wetu haushiki. Lakini limelala baharini, lina chumvi, halifai kutiwa kitaluni hivi hivi. Mimi hulirundika chini ya mchirizi wa paa la makuti, mvua za mwanzo zikaliosha, ndipo nalichanganya na mchanga na samadi ya punda. Samadi nayo iwe imeoza mpaka haina harufu; mbichi huunguza miche. Punda Lamu hawaadimiki.

Badala ya vifuko vya plastiki, miche naitia katika vipakacha vidogo vya makuti ya mnazi. Kuti bichi, misuko michache, kitako kimefungwa, basi. Masika yakija kinaingia ardhini na mche wake, mizizi haiguswi, na pakacha huoza humo humo. Angalieni tu mnaposhika miche ya mkindu iliyokwisha kukua: miba iko chini ya kuti, karibu na shina, migumu kama sindano ya kushonea magunia.

Mboga sizisemi sana. Mchicha huliwa kabla mwezi na kidogo haujapita, bamia na kunde hustahimili mchanga, na mwenye kuanza apate hizo ili asikate tamaa akingojea mikindu.

Rangi ndiyo inayotaka bustani kuliko yote. Rangi ya unga ya dukani ni rahisi, siwalaumu wanaoitumia. Ila mzingefuri, mti wa mbegu nyekundu za rangi, humea vizuri huku pwani, na mbegu zake zikichemshwa na magadi kidogo huupa ukindu rangi ya machungwa iliyoiva. Manjano hutoa rangi tamu lakini jua huila upesi, kwa hiyo naiweka kwenye kawa na vitu vya ndani, si kwenye mkeka wa barazani. Magome ya mkoko hutoa wekundu wa kahawia, na hapo sitaki mzaha: zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na kuambua mti ulio hai kwa ajili ya mkeka ni hasara. Mimi huomba magome yaliyobanduliwa kwenye boriti za ujenzi.

Kilichobaki ni mweusi wa zamani, ule wa mizizi ya mti wa mdaa. Kuuchimba mti mzima porini kwa sufuria moja ya rangi sikubali, nataka kuuotesha. Mwenye mbegu zake, au anayejua unapomea huko bara, upande wa vijiji vya Hindi au Witu, anijulishe kabla ya Disemba. Nina miche ya mzingefuri ya kubadilishana.