Mmoja tu, mjomba, si sita

Juzi nilijibiwa na mwandishi wa gazeti la hapa Trier, Ujerumani, mistari miwili tu, nikaisoma mara tatu nikiwa kituoni. Sisi tunaohudumia wazee tunaingia zamu alfajiri, na basi letu la saa kumi na moja limefutwa. Nilimwandikia yeye kwa kuwa jina lake ndilo nililoliona kwanza. Akajibu: mimi naandika muziki, usafiri anaufuatilia mwenzangu fulani, mwandikie. Basi. Hakuuliza mgeni rasmi ni nani.

Nikamkumbuka mjomba, kule Hombolo, Dodoma. Machi ile zabibu zilikaa shambani bila mnunuzi, nyuki wakashiba kuliko wakulima. Nikamwambia aite waandishi. Akaita wote waliokuwa kwenye simu ya diwani. Walikuja sita kwenye gari moja, wote wa kuripoti Bunge, na kikao hakikuwepo kwa hiyo nafasi walikuwa nayo. Nauli nilituma mimi, na ya soda, na ile nyingine tusiyoitaja. Kesho yake gazetini: wakulima watakiwa kuongeza tija. Zabibu zenyewe zikatokea aya ya mwisho, kama salamu. Wakulima walikuwemo pichani, wanapiga makofi.

Najua mshaanza. "Kala viazi vya Ulaya miaka mitatu, sasa anatufundisha kazi." Sifundishi mtu, mimi mwenyewe si ndiye niliyemwandikia mtu wa muziki habari ya basi? Mwingine atasema mwandishi wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka halipwi, sasa aende Hombolo kwa mapenzi? Kweli tupu, sibishi. Ila ukiwaita sita kwa mpigo, kila mmoja ataandika hotuba, maana hotuba anayo hata yule aliyebaki kwenye gari. Mwenye njaa ndiyo kwanza mpelekee habari ambayo wenzake hawana.

Na msiniambie hatuna watu. Siku ile alikuja wa saba, hakualikwa, binti wa redio, kwa bodaboda. Akawasalimia wazee kwa Kigogo, "mbukwenyi", akaingia kwenye mistari ya mizabibu, akageuza jani kutafuta ugonjwa wa ubwiri. Akauliza kilo inakwenda bei gani, na deni la dawa analipa nani zabibu zikioza. Soda yenyewe aliikuta imekwisha. Kipindi kilipokwenda hewani, mjomba alipigiwa simu na wanunuzi wawili. Huyo simbadilishi na yeyote wa huku, na huku mizabibu imefika mpaka nyuma ya jengo ninalokaa.

Sasa kinachoniuma ni kwamba angeweza kutafutwa mapema. Ilikuwa ni kusikiliza redio wiki mbili tu: nani kafuata ufuta wa Kondoa, nani kahangaika na alizeti ya Kongwa, nani kila siku ni ufunguzi wa semina. Hilo halitaki Ulaya wala bando kubwa. Lakini tunapenda umati. Waandishi wakiwa wengi tunaona shughuli imefana, hata kama kanjanja ni nusu.

Jana mjomba kaandika: mavuno ya Agosti yanakaribia, awaite wale wale? Nimemjibu anitafutie kwanza yule binti, kipindi chake sasa ni siku gani.

Akajibu: "Na mgeni rasmi?"