Barua pepe yako iko mkononi mwa nani?

Ushauri unaozagaa kuhusu barua pepe ni mmoja: punguza kuifungua. Mwaka 2015 watafiti Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima 124. Kwa wiki moja mshiriki alitakiwa kufungua barua pepe mara tatu tu kwa siku, na wiki nyingine aliruhusiwa kufungua kila alipojisikia. Ile wiki ya mara tatu, watu walikuwa na msongo mdogo zaidi wa mawazo. Ufaransa nayo, tangu Januari 2017, ina sheria inayozitaka kampuni kubwa kukaa na wafanyakazi wao na kuzungumzia haki ya kuachana na ujumbe wa kazini baada ya saa za kazi.

Ni ushauri mzuri, na hapa Dar es Salaam wapo wanaouhitaji. Ni wale wa maofisi ya Posta na Masaki ambao hata wakiwa kwenye foleni ya Tazara, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye simu. Hao wakifungua asubuhi, mchana na kabla ya kutoka ofisini, hakuna kampuni itakayofilisika. Lakini hao ni wachache, na leo sina shida nao. Ninaowawaza ni wa jiji lote lililobaki, watu wenye anwani za barua pepe ambazo hawajawahi kuzichungulia tangu zilipotengenezwa.

Wengi wao hata hawajui kama wanazo. Simu janja ya Android haikuruhusu kupakua kitu Play Store bila akaunti ya Google, na akaunti hiyo kwa kawaida huja na anwani ya Gmail. Mtu ananunua simu Kariakoo, muuzaji anamwuliza, "Nikuwekee na WhatsApp, mama?" Anaambiwa weka. Anabonyezabonyeza, dakika chache simu iko tayari. Katika kubonyeza huko amemfungulia mama yule anwani ya barua pepe, kwa jina alilolibuni palepale na kwa nywila ambayo ameshaisahau kabla mteja hajafika kituoni. Siku simu inapofutwa kila kitu na kuanza upya, inaweza kudai akaunti ileile ya mwanzo. Hapo mama anampelekea fundi aitoe hiyo "Google", na anailipia.

Wengine wanajua wanayo, ila wameiacha kwa mtu. Nenda kwenye steshenari yoyote ya Mwenge, ya Mbagala Rangi Tatu au ya jirani na stendi ya Simu 2000. Ukutani kumebandikwa karatasi ya huduma: TIN ya mlipakodi, vyeti vya kuzaliwa vya RITA, namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, pasipoti, mikopo ya wanafunzi, maombi ya ajira. Pembeni ya printa kuna daftari kubwa lililochakaa, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, na ndani yake kila mteja ana mstari wake: jina, namba ya simu, anwani ya barua pepe, nywila. Ukichungulia, utaona nywila zinafanana ukurasa mzima, maana kijana wa steshenari ametumia moja kwa wateja wote ili asisumbuke.

"Pasiwedi yako unaikumbuka?"

"Si uliniwekea wewe, kaka?"

Daftari linafunuliwa, kidole kinashuka na majina, na mambo yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sina ugomvi na vijana hawa. Bila wao watu wengi wa mji huu wasingepata TIN wala cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kazi wanayoifanya ni ile ambayo ofisi zenyewe zimeishusha mabegani mwao bila kuwalipa. Ila nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na lile daftari limelala wazi juu ya meza, kila anayesubiri fotokopi analisoma.

Jambo hili lina mizizi. Barua za kawaida hapa kwetu hazikuwa zikiletwa mlangoni, zilikwenda kwenye sanduku la posta, na familia nyingi hazikuwa na sanduku. Anwani ilikuwa ya shule, ya parokia, ya kiwanda alichofanyia kazi baba, au ya mjomba mwenye S.L.P. mjini. Barua ikifika, uliletewa habari kwamba una barua. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kila siku kuangalia sanduku lisilo lake. Tumehama na tabia hiyo mpaka kwenye simu. Leo mtu akikutumia barua pepe, hapohapo anakupigia: "Nimekutumia imeili, hebu icheki." Bosi anafanya hivyo, mteja anafanya hivyo, msimamizi wa utafiti chuoni naye anaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba maelekezo yako kwenye imeili. Asipopiga wala kuandika, tunahesabu kwamba hakutuma.

Kati ya watu wanaojuana, utaratibu huo unakwenda vizuri kabisa, na sioni ubaya wake. Unavunjika pale mtumaji anapokuwa mfumo wa kompyuta, kwa sababu mfumo haukupigii kukuuliza kama umeona. Na mifumo imekuwa mingi. Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi za serikali, haikuandikishi bila barua pepe. Zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST tangu 2023, na vikundi vya akina mama na vijana vinavyotafuta tenda za halmashauri vinatakiwa kujisajili humohumo, kwa barua pepe ya kikundi. Ipi? Mara nyingi ni ile aliyoitengeneza katibu aliyepita, ambaye sasa amehamia Morogoro.

Binti wa dada yangu yamemkuta. Alimaliza chuo, akatuma maombi sehemu nyingi, na siku moja rafiki yake akamwuliza kwa nini hakutokea kwenye usaili. Usaili gani? Wito ulikuwa umetumwa Ijumaa jioni kwa barua pepe, watu wakatakiwa kufika Jumatatu asubuhi. Yeye wikiendi yote alikuwa mtandaoni, anajibu meseji, anaweka picha za harusi ya jirani, simu haikukauka mkononi. Barua pepe aliyoiandika kwenye maombi ilikuwa imetengenezwa steshenari, nywila iko daftarini, na fremu ya steshenari ile ilikuwa imeshageuka duka la vipodozi. Alipokuja nyumbani kunieleza alisema, "Mjomba, kwani wasingenipigia tu?" Baadhi ya wazee tuliokuwa nao sebuleni walianza kumsema kwamba vijana wa sasa wazembe, wanakesha kwenye simu na la maana haliwapiti machoni. Nilikataa pale na nakataa hapa. Mtu aliyejaza fomu kurasa kwa kurasa, akaskani vyeti, akalipia kila ukurasa, huwezi kumwita mzembe. Kosa ni la aliyetoa siku mbili za wikiendi kwa njia ambayo anajua watu hawaifungui.

Hata hivyo sitaki watu wetu waendelee kuumia wakisubiri taasisi zijirekebishe, kwa hiyo nieleze yanayotokea kwenye sanduku lisilofunguliwa. Tangu Desemba 2023 Google wameanza kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Ile ya steshenari, ambayo haijawahi kuingizwa kwenye simu yako hata siku moja, iko kwenye hatari hiyo, na ikifutika inaondoka na kila kilichomo. Barua inayodhaniwa kuwa taka na kutupwa kwenye kikasha cha spam hufutwa yenyewe baada ya siku 30, na wito wa kweli huangukia humo pia, hasa ukitoka kwenye anwani ambayo hujawahi kuwasiliana nayo. La tatu watu hawalijui kabisa: nafasi ya bure ya Google ni GB 15, na hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Kama simu inapandisha picha na video zako zote za sherehe, nafasi inajaa, na ikishajaa barua mpya haziingii. Aliyekutumia anarudishiwa yake, wewe huna habari.

Mara ngapi kwa siku, basi? Kwa mtu asiye wa ofisini, mara moja. Chagua saa yako, mimi napendekeza usiku baada ya kula, kwa kuwa wengi hapo ndipo simu iko kwenye chaji na mtu ametulia. Fungua, pitia vichwa vya barua, chungulia spam, funga. Bando linaloliwa na barua za maandishi ni dogo sana ukilinganisha na video moja ya dakika mbili. Anayesubiri majibu ya kazi, chuo au zabuni afanye asubuhi na jioni. Kabla ya hayo yote, nenda steshenari uombe mstari wako kwenye daftari, ingia kwenye akaunti ukiwa na simu yako, badilisha nywila iwe unayoijua peke yako, na weka namba yako mwenyewe ya simu kwenye sehemu ya kurejesha akaunti. Wengi wanakuta pale namba ya kijana wa steshenari. Na ukiona nywila itakutoka, iandike kwenye karatasi, iweke pamoja na vyeti vya shule. Kuna watu wataniambia hiyo si salama. Ni salama kuliko ilikokaa sasa.

Kwa taasisi nina neno moja, na nalisema kwa uchungu. Laini zetu za simu tumezisajili kwa alama za vidole, zoezi lililoanza mwaka 2019, watu wakapanga foleni juani na vitambulisho vya NIDA mkononi. Kwa hiyo namba ya simu ndiyo anwani ambayo Mtanzania anaimiliki kweli, na serikali inalijua hilo: tokeni za umeme wa LUKU zinakuja kwa SMS, namba ya malipo inakuja kwa SMS. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, nao, mwanafunzi akidahiliwa vyuo zaidi ya kimoja, wamekuwa wakimtumia namba ya siri ya kuthibitisha udahili kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe aliyoombea. Inawezekana, na inafanyika. Fomu zenu zote zina kisanduku cha namba ya simu chenye nyota nyekundu, kwamba bila kukijaza mtu haendelei ukurasa unaofuata. Tumekijaza. Mkituma wito kwa barua pepe, tumeni na SMS kwenye namba hiyo, mstari mmoja tu wenye siku, saa na mahali, na mpe mtu angalau wiki.