Marisawa ya Buffalo Bill: Walenga Shabaha wa Maonyesho Walidanganya?

Bunduki ya Buffalo Bill, Mmarekani aliyekuwa maarufu kwa maonyesho ya farasi na kulenga shabaha, ilikuwa na siri ndani ya mtutu. Kwa nje ilikuwa Winchester ya mwaka 1873, ile ya kukokiwa kwa wenzo chini ya kifyatulio, na waliojaa uwanjani waliamini kila mlio unatoa risasi moja. Kwa ndani mtutu ulikuwa laini, bila mifereji ya kuizungusha risasi, na maganda yalijazwa marisawa, yaani chembe ndogo ndogo badala ya risasi moja. William Cody, ndilo jina lake halisi, alipita mbio juu ya farasi akivunja tufe za kioo zilizorushwa hewani, na kilichozivunja ni chembe nyingi zilizotawanyika.

Wanaomwita mdanganyifu wana hoja nzito. Mtu aliyelipa kiingilio alikuja kuona jicho na mkono. Marisawa humsamehe mpigaji: akipotoka kidogo, chembe za pembeni humwokoa. Kumwacha mtazamaji aamini ni risasi moja ni kumuuzia kitu kingine.

Lakini mtu ajiulize risasi iliyokosa tufe ingeangukia wapi. Risasi ya Winchester ile huruka zaidi ya kilomita moja. Mwaka 1887 onyesho la Cody lilikuwa London, mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria, na Victoria mwenyewe alilitazama. Pande zote kulikuwa na watu na nyumba. Kurusha risasi kamili hewani katikati ya mji kama ule ni kucheza na roho za watu. Marisawa hupoteza nguvu upesi na kuanguka karibu. Isitoshe, hata kwa marisawa, kulenga kitu kinachoruka huku farasi anakurusha tandikoni si kazi ya kila mtu. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia marisawa nautetea bila kusita. Nisichoweza kuutetea ni ukimya: mtangazaji angeweza kulisema jambo hilo waziwazi na watu bado wangepiga makofi.

Marisawa yanampunguzia mpigaji kazi kwa kiasi gani? Mwaka 1878, huko Brooklyn, Doc Carver, mlenga shabaha mwingine wa maonyesho, alivunja tufe za kioo 5,500 kati ya takriban 6,200 kwa siku moja, akitumia bunduki zinazotoa risasi moja kwa kila mlio, si marisawa. Hiyo ni karibu 89 kwa kila 100. Mwaka 1885 Annie Oakley, mwanamke mlenga shabaha, alivunja 4,772 kati ya 5,000 kwa siku moja kwa bunduki ya marisawa, yaani zaidi ya 95 kwa kila 100. Siku mbili tofauti, watu wawili tofauti, kwa hiyo nisizivute namba hizi mbali sana. Hata hivyo zinaonyesha kuwa marisawa hayakuigeuza kazi kuwa mchezo wa watoto: Oakley bado alikosa 228, na asiyezoea, hata apewe bunduki ileile, bega na macho vitamshinda mapema mno.

Huwa nashangaa kwamba lawama zote humwangukia Cody, wakati mahali ambapo chuma kilimbeba mtu zaidi ni kwenye rekodi zinazosifiwa hadi leo. Desemba 1907, San Antonio, Texas, mlenga shabaha Ad Topperwein alilenga vipande vya mbao 72,500 vilivyorushwa hewani kwa siku 10. Alikosa 9 tu. Alitumia Winchester ya mwaka 1903, ya risasi ndogo na inayojijaza yenyewe. Hapo ndipo penye siri. Bunduki ya wenzo hukulazimisha kuutikisa mkono baada ya kila mlio, na jicho hulazimika kuitafuta shabaha upya. Hii haina kutikiswa wala haimpigi mtu begani. Tena kitu kinachorushwa juu, kikifika kileleni, hutulia kwa nukta moja kabla ya kuanza kushuka, na mpigaji mzoefu huingoja nukta hiyo.

Topperwein pia alikuwa mwajiriwa wa Winchester. Rekodi yake ilikuwa tangazo la kampuni, na mwaka 1959 kampuni shindani ikajibu: Tom Frye wa Remington alilenga vipande 100,010 akakosa 6, kwa bunduki mpya yenye kitako cha nailoni, Nylon 66. Bunduki iliyohitaji kuuzwa ndiyo iliyopata rekodi. Na bado, vipande 7,250 kwa siku, siku 10 mfululizo, ni uvumilivu ambao hakuna kiwanda kinachoutengeneza. Namheshimu Topperwein kwa shingo na macho yake kuliko kwa ile 9.

Katika mzozo huu wote, ninayemwamini zaidi ni Oakley. Hakufungwa na kiwanda kimoja: alishika Parker, Stevens, Marlin na Winchester, na London fundi Charles Lancaster alimtengenezea bunduki za kumfaa yeye, mwanamke mwenye urefu wa futi 5 tu. Anayeshikilia kwamba bunduki ndiyo kila kitu ataniuliza kwa nini basi alihitaji fundi. Ni swali la haki. Bunduki isiyokaa vizuri begani huelekeza mtutu kando ya pale jicho linapotazama, na hata mlengaji hodari hukosa. Ila bunduki zilipita mikononi mwake moja baada ya nyingine, na shabaha ikabaki ileile. Mwaka 1922, akiwa na zaidi ya miaka 60, alisimama Pinehurst, North Carolina, umbali wa yadi 16, akavunja visahani vya udongo 100 mfululizo. Kila aliyekuwapo alijua anatumia marisawa, kwa sababu ndizo kanuni za mchezo wenyewe.