Chakula Kisiwe Fungu la Kwanza Kukatwa

Kila bei za vyakula zinapopanda, ushauri tunaopewa ni uleule: jibaneni. Acheni hiki, punguzeni kile, pikeni mara moja mle mara mbili. Wanaoutoa wana nia njema, na baadhi ya mbinu zao nazitumia mwenyewe. Lakini kuna jambo wanaliruka, nalo linaniuma. Katika nyumba yenye kipato kidogo watu walishajibana zamani, na wamejibana mahali pabaya.

Tazama mshahara unavyogawanyika. Kodi ya nyumba ina tarehe yake, na mwenye nyumba hapokei robo tatu. Ada ya shule inakuja na barua. Nauli ukiipunguza hufiki kazini. Mkopo una mtu wa kukupigia simu asubuhi na jioni. Chakula peke yake hakina mdai. Ukipunguza sahani leo, hakuna atakayebisha hodi kesho kudai kilichobaki. Ndiyo maana fungu lolote likizidiwa, linakwenda kuchota kwenye fungu la chakula. Kisha tunalalamika kwamba chakula kimevuruga bajeti, wakati ndicho kilichokuwa kikiyafidia mafungu mengine yote kimyakimya.

Ninavyoona mimi, mpangilio huu ugeuzwe. Chakula kiandikwe mstari wa kwanza, kabla ya kodi, kabla ya ada, kwa kiasi ambacho familia imekaa na kukubaliana kwamba hakiguswi. Yaliyobaki ndiyo yajadiliwe. Najua inasikika kama maneno ya mtu asiyemjua mwenye nyumba wake, na nitarudi kwenye hilo.

Hali hii ina historia ndefu. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyoishia kwenye chakula. Wachumi bado wanalitumia hilo hadi leo. Lifanyie hesabu utaona uzito wake: familia inayotumia nusu ya kipato kwa chakula, bei zikipanda kwa asilimia 20, imepoteza asilimia 10 ya kipato chote kama inataka kula kama jana. Familia inayotumia sehemu moja ya kumi imepoteza asilimia 2. Bei ni ileile na soko ni lilelile, ila mmoja amenung'unika tu na mwingine ameondoa kitu mezani.

Swali langu ni hili: ameondoa kwenye sahani ya nani?

Miaka ya 1997 na 1998 Indonesia ilikumbwa na msukosuko wa fedha, na bei ya mchele ikapaa. Watafiti waliokuwa wakifuatilia afya za familia za vijijini katika Java ya Kati walikuta kwamba uzito wa watoto wadogo haukushuka. Ungetazama mizani peke yake, ungesema familia zimevuka salama. Lakini mama zao walikuwa wamekonda, kwa sababu walikula kidogo ili watoto wapate. Na damu za watoto zilipopimwa, upungufu wa damu ulikuwa umeongezeka: ili waendelee kuumudu mchele, watu walikuwa wamepunguza vyakula vyenye lishe zaidi. Njaa ilikuwa imeingia ndani ya nyumba bila kuonekana kwenye kipimo ambacho kila mtu alikuwa anakitazama.

Mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba yenye dhiki anaijua habari hii bila utafiti. Mama anapakua. Anaanza na wakubwa wanaotoka kazini, au na watoto, inategemea nyumba, lakini yeye ni wa mwisho. Sahani zikishajaa anabaki na sufuria, anachukua mwiko, anakwangua ukoko. Mtoto mmoja mwenye macho anauliza, "Mama, wewe huli?" Na jibu ni lilelile kila siku: "Nilionja jikoni, nimeshiba." Mumewe akisikia hivyo anaendelea kula, kwa sababu jibu limetolewa kwa uso mkunjufu na hakuna aliyeona sufuria.

Mimi sikubali jambo hili liitwe upendo na kuachwa hapo. Ni upendo, ndiyo, lakini pia ni pengo la bajeti lililofichwa ndani ya mwili wa mtu mmoja, na mwili huo ndio unaobeba ndoo, unaonyonyesha, unaoamka wa kwanza. Familia ikitaka kujua ukweli wa hesabu zake, isiishie kwenye daftari la matumizi. Iangalie ni nani jana amekula nini. Pakueni wote kwa pamoja, mpakuaji naye ajipakulie sahani yake kabla mtu hajaanza kula. Kama chakula hakitoshi, basi kila mtu aone kwamba hakitoshi, na mazungumzo ya wapi pa kupunguza yaanzie hapo, watu wazima wote wakiwepo.

Jambo la pili ni mpangilio wa vyakula vyenyewe. Bei zikipanda, kwa kawaida hatuachi nafaka; tunaacha vya pembeni. Wakati mwingine tunanunua nafaka zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu fedha ya mboga imekwisha na tumbo linataka kujazwa. Mwaka 2008 wachumi Robert Jensen na Nolan Miller walichapisha matokeo kutoka kwa familia maskini za Hunan, China: waliposhusha bei ya mchele kwa ruzuku, familia hizo zilikula mchele kidogo kuliko awali, na ruzuku ilipoondolewa wakaurudia kwa wingi. Ukiwaza, inaeleweka. Mchele uliposhuka bei walipata nafasi ya kula kitu kingine.

Kwa hiyo mimi ninalinda kwanza maharage na ndugu zake wote wa jamii ya kunde, kisha majani ya kijani, kisha mayai yanapopatikana, hata kama itabidi nafaka ipungue kidogo. Ninatetea zaidi mtoto mdogo na mama mjamzito kuliko sisi wengine. Na kuna mambo mawili yasiyogharimu sana. Chai na kahawa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga, kwa hiyo chai isogezwe walau saa moja mbali na mlo. Kitu chenye vitamini C, kama limau au tunda chachu, kikiliwa pamoja na mlo huohuo, kinasaidia madini hayo yafyonzwe. Fedha ni karibu ileile, lakini mwili unapata zaidi.

Maharage yana lawama moja ya haki: yanakula moto. Gesi, mkaa au umeme ni sehemu ya bei ya chakula, ingawa wengi tunauandika mstari mwingine na kusahau kuujumlisha. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe mengi kwa pamoja. Muda wa jikoni unapungua sana.

Sokoni na dukani, sitazami tena bei peke yake. Chukua pakiti uliyoizoea, rangi ileile, rafu ileile, bei haijaguswa. Igeuze nyuma, karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwenye maandishi madogo kabisa: zilikuwa gramu 1,000, sasa ni 900. Hapo bei imepanda kwa zaidi ya asilimia 11 bila namba yoyote kubadilishwa kwenye rafu. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 1998 kwamba maduka yaonyeshe pia bei ya kilo au ya lita pembeni ya bei ya pakiti, na naona kila nchi ingefaa kuwa na sheria ya namna hiyo. Penye sheria na pasipo, simu yako ina kikokotoo. Gawanya bei kwa gramu, ulinganishe.

Ukishafanya hesabu hiyo utakutana na dhuluma ya zamani: anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila gramu. Hanunui kidogo kwa kupenda. Ana fedha ya leo tu. Kumwambia "nunua kwa jumla utaokoa" ni kumwambia awe na mtaji. Kinachowezekana ni kuungana. Desemba 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, kundi la watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka lao wenyewe baada ya kuchangishana pauni moja moja, wakaanza na vitu vichache tu kama unga, siagi na sukari. Ushirika mwingi wa walaji duniani unajivunia kufuata kanuni zao. Nyumba tatu au nne zinazoaminiana zinaweza kuanza na gunia moja, mzani wa kuaminika, na makubaliano yaliyoandikwa: nani ametoa kiasi gani, lini mnagawana, na asiyelipa inakuwaje. Msiliache hilo la mwisho kwa kuoneana aibu. Vikundi vingi huvunjika hapo.

Na gunia likishafika, likauke. Nafaka au karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu huweza kuacha sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Ukinunua kwa jumla kisha ukalazimika kutupa, au mbaya zaidi ukala ili usitupe, umeshapoteza faida yote. Nunueni kile mtakachokimaliza kikiwa kizima.

Sasa nirudi kwa mwenye nyumba. Kodi haiwezi kusogezwa kwa kunyamaza, lakini mara nyingine husogezwa kwa kwenda mapema. Mtu anayekwenda siku kumi kabla ya tarehe na kusema, "Mwezi huu nitakupa sehemu hii tarehe moja na iliyobaki tarehe kumi na tano," husikilizwa tofauti na anayetafutwa. Shule nyingi hukubali ada kwa awamu mzazi akiomba kabla ya mtoto kurudishwa nyumbani. Wengine watakataa, na wakikataa utakuwa umejua mapema. Ninachokipinga kwa nguvu ni kukopa kwa riba ili kununua chakula. Chakula kinaliwa siku hiyohiyo, deni linabaki miezi, na mwezi unaofuata fungu la chakula linapunguzwa tena ili kulilipa.

Wala tusijidanganye kwamba tunasubiri bei zirudi zilipokuwa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina kipimo cha bei za vyakula katika soko la dunia, na mwezi Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kilifika kiwango kikubwa kuliko vyote tangu kianze kuhesabiwa. Baadaye kilishuka sana. Familia nyingi hazikukuona kushuka huko jikoni, kwa sababu bei ya mwisho imebeba pia mafuta ya usafirishaji, mishahara, umeme na thamani ya fedha ya nchi. Hata redio ikisema mfumuko wa bei umepungua, maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi. Bado zinapanda. Panga kwa bei ya leo.

Nimesema mengi kuhusu yanayofanyika ndani ya nyumba, na sitaki mtu asome akidhani nyumba ndiyo yenye kosa. Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, alionyesha kwamba katika njaa ya Bengal, katika India ya kikoloni, ya mwaka 1943 watu walikufa hasa kwa sababu ujira wao haukwenda sambamba na bei. Chakula kilikuwepo, uwezo wa kukinunua ndio uliokuwa umetoweka. Kuna kiwango cha mshahara ambacho hakuna daftari wala gunia la ushirika litakalokifanya kitoshe. Mwajiri anayepandisha bei ya bidhaa yake kila robo mwaka na kuacha ujira ulivyokuwa anapaswa kuulizwa, tena kwa pamoja, kupitia chama cha wafanyakazi pale kilipo. Mlo wa mchana shuleni nao ni jambo la kudai kwenye mikutano ya wazazi na kwa wanaoomba kura, kwa sababu unamfikia mtoto moja kwa moja, hata wiki ambayo nyumbani hakuna kitu.

Na ukishafanya yote haya ukaona bado hayatoshi, nenda kliniki kabla hujaona mtu amekonda. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 wana utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu: chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu ya haraka. Kipimo ni cha dakika moja. Siku hiyohiyo mama naye aombe kupimwa uzito na wingi wa damu, na akiulizwa amekula nini jana, asijibu kwamba alionja jikoni.