Robo na Ushee

Waendesha baiskeli za mbio tuna ugonjwa wetu: tunahesabu gramu. UCI, wakubwa wa mchezo huu duniani, hawaruhusu mashindanoni baiskeli ya chini ya kilo 6.8. Yangu ilikuwa na kilo kumi na kitu, nami sijawahi kushindana na yeyote ila bodaboda, lakini usiku nilikuwa nawaza nisije nikavunja sheria.

Nikaagiza China siti ya kaboni pamoja na bomba lake, vya bei poa. Siti haina sponji hata chembe. Ukiigonga kwa kucha inalia kama sahani. Nikavipeleka buchani vipimwe: gramu 290. Vya zamani vilikuwa 610. Muuza nyama akapiga hesabu kichwani.

"Kwa hiyo umepunguza robo na ushee? Hiyo hata mboga ya watu wawili haitoshi."

Sikumjibu. Nikaenda kwa fundi wangu Kijenge.

"Mzee, usikaze sana, kaboni inapasuka."

"Unanifundisha kazi?"

Akachota grisi kwa vidole viwili, akalipaka lile bomba juu mpaka chini, taratibu, kama mama anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Kwenye bomba paliandikwa 5 Nm. Nikamuuliza ni nini. "Saizi," akasema. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Kumbe ndicho kipimo cha kukaza. Na kaboni haitaki grisi kabisa. Inapakwa dawa yake yenye chembechembe kama mchanga, ili ishike. Hayo nilikuja kuyasoma jioni, nimelala kifudifudi.

Jumamosi asubuhi nikashuka mpaka Usa River kama mshale. Shida ilianza kwenye kupanda kurudi. Mapaja yakawaka moto. Nikalaumu chipsi za jana. Kila nikikanyaga pedali, goti linasogea karibu na kidevu, nami nakazana tu, nikijisemea hayo ndiyo mazoezi.

Tengeru ilikuwa siku ya soko. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Anko, unazama!" Nikadhani ni utani. Mama mmoja wa nyanya akasimama kabisa.

"Baba, umechukua baiskeli ya mwanao?"

Nikatazama chini. Bomba lililotoka nyumbani limechomoza shubiri nzima limebaki vidole vitatu. Fremu imelimeza.

Nikashuka, nikalivuta juu huku mikono imejaa grisi, nikatoa alenki. Nikakaza. Nikakalia, likashuka. Nikakaza tena, safari hii kwa hasira.

Ka!

"Imesema nini?" mama akauliza, khanga mdomoni.

Ilikuwa imesema elfu tisini.

Nikajaribu kuendesha nimesimama. Mita mia mbili, pumzi kwisha. Nikasimamisha gari la Arusha. Konda akainyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, akaishusha, akainyanyua tena.

"Kaka, mbona nyepesi hivi!"

Moyo ukajaa. Siku nzima hakuna aliyeliona hilo.

"Kaboni," nikamwambia.

"Safi sana. Inakula siti mbili. Lipa siti mbili."