Mhadhiri wa Kemia na Mashine za Maabara ya Hospitali

Chuo cha afya kinapokosa mtu wa kufundisha mashine za maabara, wa kwanza kufikiriwa ni mhadhiri wa kemia. Katika Nyanda za Juu Kusini wazo hilo lina mashiko, kwa kuwa Iringa ina Mkwawa, chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu wa sayansi, na Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kinachobishaniwa ni kama mhadhiri huyo apewe mafunzo ya ziada, au somo liachwe kwa wataalamu wa maabara peke yao.

Wanaomtetea mhadhiri wana hoja nzito. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na sampuli na kilicho msingi wa mashine nyingi za kupima sukari, kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha hali ya figo) na vimeng'enya vya ini, hutegemea kanuni ya Beer na Lambert: kadiri kemikali inavyozidi katika kimiminika, ndivyo mwanga unavyofyonzwa zaidi. Anayeielewa kanuni hiyo kwa kina anajua pia inapogota. Ufyonzaji ukisomeka 2, ni asilimia 1 tu ya mwanga inayopenya. Ukisomeka 3, ni asilimia 0.1, na hapo hitilafu ndogo ya taa inatosha kupotosha jibu. Mwanafunzi aliyefundishwa kubonyeza vitufe atalinakili jibu hilo, ilhali aliyeelewa kemia yake ataizimua sampuli na kuipima upya.

Hata hivyo, makosa mengi ya maabara ya hospitali hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine, na huko kemia ya darasani haifiki. Chukua potasiamu. Ndani ya chembe nyekundu za damu imo kwa wingi kuliko nje mara 20 na zaidi, na kinachoibakiza humo ni pampu za utando wa chembe, ambazo baridi huzizorotesha. Damu iliyochukuliwa asubuhi ya Julai katika zahanati ya Makete, wilaya yenye baridi mkoani Njombe, ikasafirishwa kwa saa nyingi bila majimaji yake kutenganishwa na chembe, inaweza kufika maabara ikiwa na potasiamu ya juu ambayo mgonjwa hana. Chembe zikipasuka, majimaji hugeuka mekundu na mpimaji hushtuka. Lakini uvujaji wa baridi, ambapo potasiamu hutoka chembe zikiwa nzima, hauonekani kwa macho. Mashine itapima sawasawa, na mgonjwa atapewa dawa ya kushusha potasiamu ambayo haikupanda, jambo linaloweza kumdhuru moyo.

Kwa hiyo naunga mkono mafunzo, lakini si yale ya semina ya siku mbili ukumbini. Mhadhiri akae benchini kwa majuma kadhaa: apokee sampuli na kukataa zisizofaa, apime kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake linajulikana, kabla ya sampuli ya mgonjwa wa kwanza, achore matokeo yake kwenye chati ya Levey-Jennings, inayoonyesha siku hadi siku kama mashine imebaki ndani ya mipaka, aone kinachofanyika umeme unapokatika katikati ya kazi. Mtaalamu wa maabara naye asifanywe msaidizi wa kufungua milango; sehemu ya sampuli na udhibiti wa ubora aifundishe yeye, na alipwe kama mwalimu.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la ratiba, kwa sababu idara yenye wahadhiri wachache haiwezi kumwachia mmoja wao muhula mzima. Likizo ndefu ingelipunguza tatizo hilo, mradi hospitali ikubali kuwapokea wahadhiri wawili wawili na chuo kigharamie vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, watakavyotumia kujifunzia, visitolewe kwenye akiba ya wagonjwa.