Fumba wanajenga, mapaa je?

Umeme wa Unguja unatoka bara. Unaingia baharini Ras Kiromoni, unaibukia Fumba, na hapo ndipo unapoanza kusambazwa mjini na mashamba. Waya wa kwanza ulilazwa 1980. Wa pili, wa megawati 100, ukaja 2013. Na Fumba hiyo hiyo leo inaota majumba. Kila nikipita huko naangalia mapaa, halafu kuta. Mapaa mengi matupu, hayana paneli za sola; kuta zimejaa viyoyozi.

Waliokuwepo 2008 wanajua ninachokiogopa. Waya ulipoharibika mwezi wa Mei, Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 yakajirudia, mara hii miezi mitatu. Giza tulilizoea. Kilichotutesa ni maji, maana pampu za visima zilisimama, na mwenye jenereta ndiye akawa mwenye kisima.

Kwa hiyo nasema wazi: mitaa mipya, kibali cha ghorofa kisitoke bila paneli za sola kwenye ramani. Njia ya waya ukiipitisha ukutani kabla ya plasta ni kazi ndogo. Ukisubiri watu wahamie, ni kuvunja na kuziba upya, na hapo hakuna atakayekubali. Tena viyoyozi vya maofisi na mahoteli vinakula umeme zaidi mchana, jua likiwa utosini; hata betri kubwa hazihitajiki. Masika mawingu yatapunguza, sawa, lakini waya wa bara upo palepale.

Tahadhari moja: chumvi. Bolti za chuma cha kawaida pwani huliwa na kutu upesi, kwa hiyo fremu ziwe za alumini, bolti ziwe zisizoshika kutu, na mafundi wawepo wa kuzikagua. Mafundi tunao. Kinyasini, chuo cha Barefoot kimefundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza sola. Kwa nini wasipewe kazi Fumba?

Halafu (hili linaniudhi zaidi) nani aliwaambia wachoraji ramani kuwa huku hakuna upepo? Kusi na kaskazi zinavuma bure, nasi tunaweka madirisha ya alumini ya kuteleza, yanayofunguka nusu tu, kisha tunanunua baridi.

Watasema gharama. Basi mita ya Tukuza, hii ya umeme wa kulipia kabla, ihesabu na umeme unaotoka nyumbani kwenda kwenye gridi, mwenye nyumba alipwe. Bila hivyo kila mtu atafunga paneli ya taa mbili na kuchaji simu.